Siku Niliyowasha Itifaki Mpya na Usinge Ikanyamaza

Alhamisi, baada ya Magharibi. Mvua imekatika, lakini maji bado yanadondoka kutoka kwenye mabati ya banda la Baba, na kila tone linanishtua kama simu inayoita.

Sijui kama nitaichapisha hii bloguni. Naiandika kwanza, nitaamua baadaye. Majina yote nimeyabadilisha, isipokuwa majina ya mahali.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi natunza seva ya shirika dogo la afya hapa Tabora mjini. Zahanati za vijijini zimepewa vishikwambi vya kutuma taarifa za wajawazito. Ikitokea hatari, muuguzi anabonyeza kitufe chekundu, ombi linakuja kwenye seva yangu, halafu linatokea kwenye skrini ya Shija, mratibu wa magari ya wagonjwa, ambaye ofisi yake iko mlango wa pili kutoka kwangu. Shija anampigia dereva aliye karibu. Gari linaondoka.

Kati ya kile kitufe na lile gari kuna mimi.

Watu wakiniuliza kazi yangu huwa nasema "mambo ya kompyuta" na kubadilisha mazungumzo. Sipendi kulisema jambo lenyewe kwa sauti. Nikilisema, naanza kuogopa.

Masika haya wauguzi wamelalamika sana. Nesi wa Choma alisema akituma picha ya kadi ya mama, mvua ikinyesha, inafika nusu, inakatika, inaanza upya, mpaka anakata tamaa. Igunga nao vivyo hivyo. Nilijua sababu. Seva yetu ilikuwa bado inaongea na vishikwambi kwa itifaki ya zamani, yaani kanuni za mashine kuwasiliana, ile ambayo mtandao ukiyumba kidogo tu inabidi pande zote mbili zianze tena tangu kusalimiana. Matoleo mapya ya itifaki hiyo hayako hivyo. La pili linapitisha mambo mengi kwa pamoja katika njia moja. La tatu linavumilia mtandao wa vijijini: mawasiliano yakikatika, yanaendelea pale yalipoishia. Tovuti kubwa zimeshahamia huko zamani. Sisi tu tulibaki nyuma, na tulibaki kwa sababu yangu, kwa sababu kila nilipofungua faili la mipangilio ya seva, nililifunga tena.

Mwishowe daktari wetu mkuu aliniambia kwa upole, "Saada, wale akina mama hawawezi kusubiri mpaka wewe uache kuogopa."

Basi nikapanga iwe leo.

Nilijiandaa, Mungu ni shahidi. Jana nilihuisha mfumo mzima wa seva, kwa sababu toleo la tatu halikubali mfumo wa zamani. Nilijaribu kila kitu kwenye seva ya majaribio kwa kutumia simu yangu, simu ya Shija na kishikwambi cha ofisini. Vyote vilifanya kazi. Niliandika kwenye kundi la wauguzi kwamba leo asubuhi kutakuwa na marekebisho, na nikaona alama za kusomwa zinaongezeka.

Sikuangalia ni nani hakusoma.

Asubuhi nilifika ofisini kabla ya wenzangu. Mawingu yalikuwa yameshuka chini kabisa na taa zilikuwa zinafifia kama zinataka kuzimika. Nikavua viatu, sijui kwa nini, nikakaa. Nikafungua mlango wa ukuta wa ulinzi ambao toleo la tatu hupitia. Nikabandika mipangilio mipya, ile inayopendekezwa na wataalamu, pamoja na usimbaji wa kisasa, ule unaofunga maneno ya mgonjwa ili asiyehusika asiyasome njiani. Nikaikagua. Nikaikagua tena. Nikasema Bismillahi, nikaiwasha upya seva.

Haikuanguka.

Mistari ikaanza kupita kwenye skrini. Igunga ameingia, kwa toleo jipya. Choma ameingia. Nesi wa Choma akatuma picha ya kadi, na kabla sijamaliza kusoma jina la zahanati, picha imeshafika nzima. Akaandika kwenye kundi, "Leo imekuwaje? Mbona inaruka hivi?" Nikacheka peke yangu. Shija alipoingia na mwavuli wake unaochuruzika maji nikamwonyesha. Akainama, akaangalia, akasema, "Kumbe ulikuwa unatuficha haya yote?" Akaenda kuchemsha chai.

Hiyo ndiyo furaha niliyoipata leo. Naiandika ili nisije nikasema haikuwepo.

Baada ya chai nilianza kuhesabu walioingia. Ni mazoea yangu, napitisha kidole kwenye ramani iliyo ukutani. Kidole kikafika magharibi, kikapita Urambo, kikapita Kaliua, kikafika Usinge, na pale kikasimama. Zahanati ya nje ya Usinge, ile iliyo karibu na msitu wa hifadhi, haikuwa imeingia tangu niwashe itifaki mpya.

Pale yuko Nesi Kolastika. Ni mtu mzima, mzaliwa wa Ulyankulu, wazazi wake walikuja kutoka Burundi. Ni mama wa maneno machache ambaye hajawahi kunipigia kulalamika hata siku moja. Kwao simu ya kawaida haishiki isipokuwa utoke mpaka kwenye kichuguu kilicho nyuma ya shule. Kishikwambi amekifunga juu ya dirisha, mahali pekee panapokamata mtandao, na kila asubuhi kinatuma taarifa zake chenyewe.

Nikajiambia ni mvua. Nikajiambia labda betri ya sola haijachaji kwa sababu ya mawingu. Nikajiambia hata wiki iliyopita alichelewa. Haya yote yangeweza kuwa kweli, na nilikuwa nayashikilia moja baada ya jingine kama mtu anayeteleza.

Nikampigia. Haipatikani.

Nikangoja kidogo, nikampigia tena. Haipatikani.

Kuna aina ya hofu ambayo haina kelele. Mikono inaendelea na kazi, mdomo unajibu watu, lakini ndani kuna mtu amesimama wima anasikiliza. Nikaiambia seva iandike kila kitu, hata yale madogo ambayo kwa kawaida huwa haiyaandiki. Nikakaa nikitazama.

Mstari ukatokea. Kisha mwingine, uleule. Kisha mwingine. Mteja fulani alikuwa anaomba kuingia kwa usimbaji wa zamani, na seva ilikuwa inakataa. Anaomba, inakataa. Nikaangalia anwani inakotoka. Nikaifananisha na ya juzi.

Usinge.

Haikuwa kimya. Kile kishikwambi kilikuwa kinabisha hodi tangu asubuhi, na seva yangu ilikuwa inakifukuza mlangoni kila mara.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nahisi baridi hata sasa ninapoandika. Zahanati zote zilibadilishiwa vishikwambi mwaka jana. Cha Kolastika hakikubadilishwa, kwa sababu siku ya kugawa vipya barabara ilikuwa imekatika akashindwa kuja. Anatumia kilekile cha mwanzo. Kishikwambi cha zamani namna ile hakiujui usimbaji mpya. Kwa mashine zote nyingine nilikuwa nimefungua mlango mpana. Kwake nilikuwa nimefunga mlango pekee alioujua. Na programu yetu, ikishindwa kutuma, haisemi imeshindwa. Inaandika "Inatuma" na kale kaduara kanaendelea kuzunguka.

Nikarudisha mipangilio ya jana. Nilikuwa nimehifadhi nakala, nilidhani nakala itaniokoa. Nikaiwasha upya seva. Mstari uleule ukatokea: inakataa. Nikaangalia kama nimerudisha faili sahihi. Ndilo. Ikachukua muda akili kunikaa sawa nikakumbuka: jana nilihuisha mfumo mzima. Mfumo mpya wenyewe, chini kabisa, umeukataza ule usimbaji wa zamani. Hata mimi nikisema ruksa, wenyewe unasema hapana.

Nilikosea nywila yangu mwenyewe. Nilijua iko sehemu ya kushusha kiwango cha ukali wa ulinzi, lakini sikujua imeandikwaje kwenye mfumo huu mpya, na nilijua nikikosea herufi seva nzima itakataa kuwaka, na hapo Igunga na Choma nao watabaki nje pamoja na Usinge. Shija alisimama nyuma yangu. Nilikuwa nasikia pumzi yake na harufu ya chai.

"Shija," nikamwambia bila kugeuka, "mpigie mtu yeyote unayemjua Usinge. Mwenye duka, mwalimu, yeyote. Amtafute Nesi Kolastika."

"Kuna nini?"

"Mpigie tu, kaka yangu."

Akatoka mbio. Nikausoma ukurasa wa maelezo, nikauandika mstari wa kushusha ukali huo, nikaukagua mpaka macho yakaniuma, nikaiwasha.

Ikawaka. Na mara hiyohiyo, kabla hata sijashusha pumzi, Usinge ikaingia.

Kwanza zikaja taarifa za kawaida, mahudhurio, chanjo. Kisha ombi jekundu.

Mama, mimba ya kwanza. Presha iko juu sana, anaumwa kichwa, haoni vizuri. Dalili za kifafa cha mimba. Tunaomba gari haraka. Kolastika.

Limeandikwa asubuhi. Kwa saa iliyoandikwa pale, lilitumwa muda mfupi baada ya Choma kusifia picha yake. Wakati mimi nacheka.

Nilipiga kelele kumwita Shija, na sikujua kama nina sauti ya namna hiyo. Akaja akiwa bado hajampata mtu wa Usinge, akasoma, akaniangalia, akarudia kusoma.

"Hili ni la asubuhi," akasema.

"Limeingia sasa hivi."

Hakuniuliza kwa nini. Alishika simu palepale akampigia dereva aliyekuwa Kaliua, akamwelekeza njia, akamwambia ile ya msituni imejaa maji azungukie ya juu. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. Nilitamani anifokee.

Baada ya hapo sikuwa na la kufanya. Hiyo ndiyo sehemu iliyonimaliza. Kazi yangu ilikuwa imekwisha, ombi lilikuwa limefika, seva ilikuwa inafanya kazi vizuri kwa wote, wa zamani na wa kisasa. Nilibaki nimekaa mbele ya skrini iliyo safi, nikifikiria mwanamke nisiyemjua amelala kwenye kitanda cha zahanati huku macho yake yakizidi kuona giza. Nitamwita Nyamizi. Nilimwona akingoja. Nilimwona Kolastika anakwenda dirishani kuangalia kaduara, anarudi, anakwenda tena. Nikatawadha, nikaswali Adhuhuri nikiwa sisikii maneno yangu mwenyewe.

Simu ya Shija ililia mvua ikiwa imeanza tena. Ni dereva. Hakuwa amefika zahanati. Alikuwa amekutana njiani na lori la tumbaku linakuja taratibu kwenye matope, linamwashia taa, na juu ya marobota, chini ya turubai, walikuwa wamekaa Kolastika, mume wa Nyamizi, na Nyamizi mwenyewe, kichwa chake kwenye mapaja ya nesi. Alikuwa ameshapata degedege mara moja. Wakamhamishia kwenye gari palepale kwenye mvua.

"Anapumua?" Shija akauliza. Nilimwona akitikisa kichwa kukubali. Ndipo nilipokaa chini sakafuni.

Hospitali ya Kaliua walimpeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji. Mtoto ametolewa akiwa hai, msichana, mdogo sana, wamemweka kwenye mashine ya joto. Nyamizi hakuzinduka mapema. Alasiri yote hatukujua. Nilikuwa nikisikia hatua za mtu kwenye korido nafikiri ni mtu anakuja kuniambia. Nilijiuliza nitaendeleaje kuamka asubuhi kama hatazinduka. Nilijiuliza pia, na hili naona haya kuliandika, kama watu watajua ni mimi. Wazo hilo lilikuja lenyewe, katikati ya dua, na sikuweza kulifukuza.

Kolastika alinipigia yeye mwenyewe jioni kutoka hospitali, kwa simu ya mtu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Amefungua macho. Amemuulizia mtoto."

Nikalia. Alinisubiri nimalize, bila kuninyamazisha. Kisha nikamweleza yote, itifaki, usimbaji, kishikwambi chake cha zamani. Sijui alielewa kiasi gani. Nilikuwa naongea haraka kama mtu anayetaka kuhukumiwa aachwe aende.

"Mimi nilidhani ni mvua," akasema. "Nilisubiri, kwa sababu siku zote mnajibu. Ile iliandika inatuma, nami nikamwambia mama, gari linakuja. Nilimwambia hivyo mara nyingi. Baadaye nikaona uso wake umevimba zaidi. Nikaacha kukitazama kile kitu nikaenda barabarani kusimamisha magari."

"Nisamehe, mama."

"Saada. Siku ukibadilisha kitu, usiandike kwenye kundi. Mimi kundi silioni. Nitafute mpaka unipate, niambie kwa mdomo wako kwamba leo nikiona kimya nisiwasubiri. Hilo tu."

Nikasema nimesikia.

"Na wewe kula kitu," akasema, akakata.

Nimerudi nyumbani nikamkuta Baba anakunja kanzu ya mteja, cherehani ameshaifunika. Aliniona uso akaacha kazi. Nikamweleza kwa kifupi. Hakuuliza habari za seva. Aliuliza, "Mama na mtoto wako hai?" Nikasema wako hai. Akasema alhamdulillahi, akanisogezea sahani ya wali na maharage. Nimekula kidogo ili asisikitike. Anafikiri yamekwisha.

Hayajaisha. Ule mstari nilioongeza umeacha mlango wa zamani wazi, na mlango wa zamani ni dhaifu. Ndiyo maana dunia nzima imeufunga. Mtu mwenye nia mbaya, mwenye ujuzi kidogo, anaweza kukaa katikati ya njia akasoma siri za akina mama wa Usinge, nani ana mimba, nani ana ugonjwa gani. Nikiufunga, Kolastika anabaki nje. Nikiuacha, wagonjwa wake wako uchi. Usiku huu nimeuacha. Nimechagua hofu moja nikaiacha nyingine, na sina uhakika nimechagua vizuri.

Nimemwomba daktari ruhusa ya kwenda mwenyewe. Nimekichukua kishikwambi kipya, nimekijaribu kwa itifaki zote mbili, nimekifunga kwenye nailoni kwa sababu ya mvua. Nikishakiweka juu ya lile dirisha na kuona kimeingia, nitamtumia Shija ujumbe kwa kishikwambi hichohicho afunge ule mlango wa zamani, kwa maelekezo niliyomwachia, huku mimi nikiwa nimesimama palepale. Na ile programu haitaandika tena "Inatuma" wakati haitumi. Hilo nimeshalianza. Kuanzia sasa ikishindwa itasema imeshindwa, kwa herufi kubwa, na itamwambia muuguzi atoke atafute njia nyingine.

Lakini kabla ya Usinge nitapitia hospitali.

Kolastika ameniambia Nyamizi amemuuliza kwa nini gari lilikawia. Hakumjibu. Alimwambia yuko mtu atakuja kumweleza. Nilipomaliza kuongea naye nilijaribu kupanga maneno, na kila lililokuja lilikuwa la kazini: toleo, mipangilio, mfumo. Hakuna hata moja linaloweza kukaa mbele ya kitanda chake. Natafuta namna ya kumwambia mtu, kwa Kiswahili chepesi, au kwa Kinyamwezi changu kibovu, kwamba aliomba msaada kwa wakati, ombi lake likafika mpaka mlangoni kwangu, na kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu kikamkatalia.

Basi la Kaliua linaondoka alfajiri. Nitalipanda, hata kama nitafika kule nikiwa bado sijayapata hayo maneno.